Alama Moja kwa Mama wa Kochi

Kuna watu wakiangalia filamu hukumbuka muda wote kwamba wanaangalia filamu. Fundi hakuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kushona makochi, na kwa miaka aliyoifanya vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano, na suruali zake zote zilibeba nyuzi popote alipokwenda. Kwake yeye, mtu akilia basi analia, na akiiba ni mwizi, hata kama jana yake alimwona kwenye filamu nyingine akiwa askari. Mkewe alikwisha kuchoka kumwelekeza. Wakikaa mbele ya televisheni, Fundi ndiye aliyempigia bwana harusi kelele, "Geuka nyuma, mjinga wewe! Huyo rafiki yako si mtu!" Na bwana harusi asipogeuka, Fundi alinuna hadi chai ya asubuhi.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye meza ya majaji wa tuzo za filamu? Alipitia kwenye viti.

Chama cha watengeneza filamu cha mji ule kilikuwa na ukumbi mdogo wa maonyesho, na viti vyake vilikuwa vimechoka kiasi kwamba ukikaa tu, springi inakusalimia. Fundi alipewa kazi ya kuvishona upya. Kwa kuwa ukumbi haukufungwa, alivishona filamu zikiendelea, amepiga magoti gizani, tochi mdomoni. Hivyo katika mwaka ule hakuna mtu aliyesikia filamu nyingi kumzidi, ingawa nyingi alizisikia akiwa ameuelekeza uso chini ya kiti.

Mwaka ule chama kilikuwa na kanuni mpya. Katika kila kundi la majaji, mmoja awe mtazamaji wa kawaida, asiye msanii wala mwalimu wa sanaa. Mwenyekiti wa majaji, mama mmoja mwenye sauti nzito ya redio, maana alikuwa mtangazaji kabla ya kustaafu, aliangaza macho ukumbini akitafuta mtu wa kawaida. Akamwona Fundi anang'oa misumari.

"Fundi, wewe filamu unaangalia?"

"Nipo humu kila siku, mama."

"Basi umekuwa jaji."

"Nimalizie safu hii kwanza?"

"Malizia."

Kundi lao lilipewa kazi moja tu, kumpata mwigizaji bora msaidizi wa kike. Walikuwa watatu, yaani Mwenyekiti, Fundi, na mwalimu mmoja wa maigizo aliyeitwa na kila mtu Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa na jozi mbili, moja machoni na nyingine utosini, na mara nyingi aliitafuta ya tatu. Mwenyekiti alimweleza Fundi maana ya mwigizaji msaidizi. Ni yule ambaye filamu si yake, lakini ukimtoa, filamu inabonyea.

"Kama sponji," Fundi akasema. "Watu wanasifia kitambaa."

"Hapo hapo!" Mwenyekiti akafurahi, akamgeukia Bwana Miwani kana kwamba anamwambia, unaona? Kwa dakika chache kila mtu aliamini kwamba kanuni mpya ilikuwa na akili.

Masharti yenyewe hayakuwa magumu. Kila jaji atoe alama kwa kila mwigizaji, kuanzia moja hadi kumi. Alama zikitolewa hazirudishwi. Majaji wasitaje majina yao wala filamu wanazozipima mpaka siku ya tuzo. Na siku hiyo, mbele ya watu, kila jaji asimame jukwaani aseme mwenyewe alama alizotoa na sababu zake. Hilo la mwisho chama kilijivunia sana. Walikuwa wamechoka kusingiziwa upendeleo.

Waigizaji walioteuliwa walikuwa wanne, na Fundi aliwaangalia wote kwa haki. Alivaa shati la kutokea. Safari hii alikaa juu ya kiti.

Wa kwanza aliigiza rafiki wa msichana mwenye filamu, rafiki mcheshi ambaye pembeni alikuwa anamwibia mwenzake pochi. Fundi alimpa tatu. Wa pili alikuwa dada aliyefiwa, akalia tangu mwanzo hadi mwisho, na Fundi naye akalia naye, akampa nane kama rambirambi. Wa tatu aliigiza mgonjwa aliyepoteza fahamu. Alilala kitandani filamu nzima, macho yamefungwa, ndugu wakigombana juu ya kichwa chake, na yeye hakumjibu mtu neno. Fundi alimtazama mama yule kwa heshima kubwa. Mtulivu, mvumilivu, hana makuu. Alimpa kumi.

Wa nne ndiye aliyemharibia siku.

Huyu aliigiza mama mkwe. Sebuleni kwake kulikuwa na kochi la rangi ya damu ya mzee lililofunikwa plastiki tangu siku liliponunuliwa, na mke wa mwanawe, binti mpole mwenye mtoto mchanga, hakuruhusiwa kulikalia. Binti akitaka kukaa, mama yule alipiga chafya. Chafya tu, moja, kavu, na binti akasimama. Baadaye hata chafya haikuhitajika, aliinua nyusi. Mwishoni binti ananyonyesha akiwa amekaa sakafuni, na mama yule yuko juu ya kochi peke yake, anapangusa kwa leso mahali ambapo kivuli cha binti kilipita.

Fundi alishika mikono ya kiti chake mpaka mshono ukalia. Maisha yake yote alikuwa ameshona makochi ili watu wakae. Wanene wakae, watoto warukeruke, wagonjwa wajilaze. Na huyu mwanamke anamnyima mzazi kochi!

Taa zilipowashwa, Mwenyekiti akauliza, "Fundi, huyu ngapi?"

"Sifuri ipo?"

"Haipo. Inaanzia moja."

Fundi akasikitika. "Basi moja."

Bwana Miwani akafungua mdomo, lakini Mwenyekiti akamzuia kwa kidole. Kanuni ni kanuni. "Sababu yako itunze, Fundi. Utaisema jukwaani."

"Nitaisema," Fundi akajibu. "Tena kwa sauti."

*

Jioni ile alikula bila hamu. Alikuwa ameapa kutunza siri, kwa hiyo hakutaja filamu wala jina, ila aliwaambia mkewe na kijana wao kwamba duniani kuna wanawake.

"Wanawake gani tena?" mkewe akauliza.

"Wa kunyima watu kochi. Kijana, nakwambia mapema. Usije ukaoa kwenye nyumba ya mama wa namna ile. Bora nikuozeshe kwa simba."

Kijana wao, dereva wa gari la kusambaza maji, alimeza tonge kwa shida. Jumapili ile ile ndiyo waliyokuwa wamepanga kwenda kwa wazazi wa mchumba wake, au tuseme kwa mzazi, maana baba wa binti alikwisha kufariki. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza wazee kuonana.

"Mama yake huyu hana neno, Baba. Yuko kaunta, kule kwenye malipo ya maji. Mpole sana."

"Mpole ndiye wa kuoa kwake," Fundi akasema, akanawa mikono.

Jumapili wakaenda, Fundi na mkewe wamependeza, kijana katikati ananukia manukato hadi nzi wanampisha. Binti akawafungulia mlango, akawaamkia, akawakaribisha ndani. Fundi akavuka kizingiti, akainua macho, akasimama kama gari lililozimika.

Mbele yake lilikuwepo kochi la rangi ya damu ya mzee.

Mtu mwingine angesema makochi yanafanana. Lakini Fundi alikuwa ameliona kubwa kwenye pazia la ukumbi, na kupitia ile plastiki alikuwa ameona kwamba mkono wake wa kushoto ulipasuka siku za nyuma, ukashonwa nyumbani kwa uzi mweupe, mishono ya kurukaruka kama mtoto anayejifunza kuandika. Na uzi mweupe huu hapa. Kabla hajapata la kufanya, pazia la jikoni likasogea, akatokea mwenye kochi na sinia la vikombe. Alikuwa yule yule, na nyusi zake.

"Karibuni, karibuni sana wakwe zangu! Mbona mmesimama? Fundi, karibu kochi."

Fundi akatazama kochi, akazitazama zile nyusi. Hapo ndipo miguu yake ilipojiamulia yenyewe. Pembeni ya mlango kulikuwa na stuli ndogo, ya kupandia mtu anapobadilisha balbu. Fundi akaenda kukaa juu yake, magoti yakamfika kidevuni.

"Hapa panatosha, mama."

"Pale kwenye stuli?" Mama akacheka kidogo. "Jamani, kochi lote hili!"

"Nimezoea stuli."

"Fundi makochi umezoea stuli?"

"Ndiyo maana makochi yanadumu, mama. Siyakalii."

Mkewe alimtolea macho ambayo, kama yangekuwa na mikono, yangemnyanyua. Kijana akaangalia dari. Mama wa binti akajikaza, akamimina chai, lakini uso wake ulikuwa umeanza kuingia wingu. Akalitazama kochi lake, akauona uzi mweupe, akavuta kitambaa kuufunika.

"Labda kochi letu halina hadhi ya fundi," akasema polepole. "Lilipasuka nikalishona mwenyewe. Lakini hata hivyo ni kochi lenye jina, mjue. Limeigiza!"

"Limeigiza?" mke wa Fundi akauliza, akishukuru kupata mahali pa kutokea.

Mama akapata uhai. Kumbe kaunta ya maji ilikuwa ya mchana tu. Jioni na siku za mapumziko alikuwa mwigizaji, na alikuwa nayo shauku hiyo tangu usichana. "Ila mimi nilikuwa wa kufa tu, mkwe wangu. Wakitaka maiti, wananiita. Wakitaka mtu apite nyuma na ndoo, wananiita. Nimekufa kwenye filamu mpaka watoto wa mtaani wakawa wananiuliza, shangazi, leo umefufuka? Mwaka huu ndio mara ya kwanza nimepewa mdomo. Muongozaji hakuwa na kochi, nikampa hili langu, tukaliwekea plastiki. Na hivi tunavyoongea, nimeteuliwa!"

"Hongera!" mke wa Fundi akasema.

"Asante. Kochi lenyewe halikuteuliwa, lakini hatukulalamika." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Niwaambie ukweli, silali. Nimeweka moyo wangu wote pale. Nawaombea majaji waone. Sitaki tuzo ya huruma. Nataka tu mtu mmoja akae pale gizani aone kwamba yule mama nimemtengeneza mimi, kwa mikono yangu."

Kwikwi ikamshika Fundi. Kwikwi kubwa, ya kurusha kikombe. Binti akamletea maji, naye akayanywa akiwa stulini, akiangalia sakafu. Mambo yakaenda hivyo hivyo, mrama, mpaka wageni wakaaga. Mlangoni, mama wa binti aliwapa mkono kwa adabu, lakini kuhusu siku ya kupanga ndoa alisema, "Tusiharakishe. Tungoje kidogo tujuane." Na wote wanajua maana ya tungoje kidogo.

*

"Baba umefanya nini?" kijana akauliza njiani. "Mtu anakupa kochi, unakaa kwenye stuli kama mlinzi?"

"Mgongo."

"Mgongo gani? Jana umebeba kabati!"

Ilikuja meseji kutoka kwa binti kabla hawajafika nyumbani, kijana akaisoma kwa sauti. *Mama anasema baba yako ana dharau. Anasema akikuozesha mimi, nitakuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho la juu maisha yangu yote.* Kijana akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, na mtu mzima akifunga mlango taratibu ni vibaya zaidi kuliko akiubamiza.

Fundi akamwita mkewe uani, akamweleza yote. Kiapo kilisema asiwaambie watu, na mkewe yeye alimhesabu kuwa sehemu ya mwili wake mwenyewe. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Umempa ngapi?"

"Moja."

"Moja kati ya...?"

"Kumi."

"Na sababu?"

"Alimnyima yule binti kochi."

Mke akakaa juu ya ndoo iliyoinamishwa. "Baba watoto. Yule ni mwigizaji. Aliambiwa amnyime."

"Angekataa!"

"Ah!" Mke akashika kichwa. "Na sasa utapanda jukwaani, mbele yake, useme hayo?"

"Ndiyo kanuni."

"Kaumwe siku hiyo."

Fundi aliifikiria sana njia hiyo ya kuumwa. Akiwa karakana, akiwa amelala kifudifudi ndani ya kochi la mtu akitafuta springi iliyopotea, aliifikiria hata akajaribu kukohoa. Lakini kila alipokohoa alimkumbuka yule mama akisema, nataka mtu mmoja tu akae gizani aone. Na yeye alikaa gizani pale, tena kwenye kiti kizuri. Angeumwa, wengine wangesoma alama zake bila sababu, na mama yule angebaki na moja iliyo yatima, asijue imetoka wapi. Hilo aliliona baya zaidi. Akaacha kukohoa.

*

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa, na viti havikumsaliti hata mtu mmoja. Mama wa kochi alikaa safu ya mbele, kilemba kimesimama, binti yake kulia, na kijana wa Fundi akajipenyeza kwenye kiti cha nyuma yao, akitafuta kuona hata kisogo cha binti. Majaji walipoitwa na Fundi akapanda jukwaani, mama wa kochi aliinuka nusu, akakaa tena. Alikuwa ameanza kuelewa kitu, ila hajajua ni kipi.

Bwana Miwani alisema kwanza. Alimpa mama wa kochi tisa, akaeleza habari ya ukimya na nafasi na mwili, watu wakapiga makofi wakitegemea kwamba ni maneno mazuri. Mwenyekiti alimpa tisa pia, kwa ile chafya. "Chafya ile," akasema kwa sauti ya redio, "ingeweza kusomwa kwenye taarifa ya habari." Kilemba cha mbele kilitetemeka kwa furaha.

Kisha ikaja zamu ya Fundi. Maikrofoni ikapiga yowe, akaisogeza mbali kidogo.

"Mimi huyu mama nilimpa moja," akasema. "Niliomba sifuri, haikuwepo."

Vichwa vyote vikamgeukia. Hata feni zilionekana kusikiliza.

"Sababu yangu ni kwamba alimnyima binti wa watu kochi. Na yule mgonjwa nilimpa kumi, kwa sababu alilala vizuri na hakumsumbua mtu."

Kicheko kilianzia nyuma, kikashuka safu baada ya safu kama maji ngazini. Bwana Miwani alivua miwani zote mbili. Fundi akangoja wamalize, maana hakuwa na haraka, na alikuwa hajamaliza.

"Chekeni, ni haki yenu. Mimi nilidhani natoa alama za adabu. Na baadaye nimefika nyumbani kwa huyu mama, sitasema kwa shughuli gani. Akanikaribisha kwenye kochi lile lile. Mimi nikakaa kwenye stuli. Yeye alimnyima mtu kochi kwa kuigiza, mimi nikamkatalia kweli, akiwa na chai mkononi. Kwa hiyo kama ni alama za adabu, mama, nipe mimi hiyo moja. Lakini alama hazirudishwi, ndiyo kanuni." Akarudisha maikrofoni, akaichukua tena. "Samahani."

Hesabu ilipofanywa, ile moja ilimwangusha mama wa kochi, na tuzo ikaenda kwa mgonjwa.

Sasa ule utulivu ambao Fundi aliupa kumi, siku ile ndipo alipouona sawasawa. Mgonjwa alipanda jukwaani mbio, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akaanza kushukuru. Alimshukuru muongozaji, mtu wa taa, mwenye kitanda, jirani wa mwenye kitanda. Akasimulia alivyopata kazi ile na aliyekuwa aipate kabla yake na kwa nini hafai. Akasema kwamba, kwa kweli, siku ya pili ya kupiga picha alisinzia, na sehemu kubwa waliyoiona watu pale alikuwa amelala usingizi wake wa kawaida. Walimzimia maikrofoni, akaendelea bila hiyo. Alipofika kwa shangazi yake wa kwanza, Fundi alikuwa ameziba uso kwa mikono.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, kilemba kikamsubiri.

"Moja, Fundi?"

"Sifuri haikuwepo, mama."

"Kwa hiyo ndiyo habari ya stuli?"

"Ndiyo hiyo."

"Uliniogopa? Sebuleni kwangu, nimebeba sinia?"

"Nyusi, mama. Uliponikaribisha ulizipandisha."

Mama akamtazama muda mrefu. Haikuwezekana kusema amekasirika au vipi, na Fundi sasa hakuyaamini macho yake tena juu ya jambo lolote. Nyuma ya mama, binti na kijana walisimama wamekaribiana.

"Jumapili njoo na mkeo," mama akasema mwishoni. "Filamu ninayo nyumbani. Utaangalia tena, ukae pembeni yangu, kwenye kochi, sio stulini. Halafu uniambie upya. Nikiridhika, tutazungumza habari za hawa. Nisiporidhika, kila mtu ashike njia yake." Akashuka ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho akapiga chafya moja, kavu. Fundi akaruka.

*

Wiki nzima mkewe alimfundisha. "Utasema, hongera mama, umeigiza kwa utulivu. Rudia."

"Hongera mama, umeigiza kwa utulivu."

"Na usisahau, ni filamu."

"Ni filamu."

"Kijana wako yuko mikononi mwako."

"Najua, mama. Usinitie jasho."

Jumapili ikafika. Fundi akavuka kizingiti, akalikuta kochi, akapiga moyo konde, akakaa. Sponji ilikuwa nzuri, ilimpokea. Mama wa binti akakaa kushoto kwake, karibu na uzi mweupe, mkewe kulia. Vijana wakakaa kwenye viti vya mezani, mgongo umenyooka, kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

Filamu ikaanza. Fundi akasema mara moja, kabla hata ya mtu kutokea, "Hongera mama, umeigiza kwa utulivu." Mkewe akamfinya. Akanyamaza, akatazama. Binti mpole akaingia sebuleni na mtoto. Fundi akajiambia, ni filamu. Binti akainama kutaka kukaa. Chafya. Fundi akauma ulimi. Ni filamu, ni filamu. Binti akajaribu tena, mtoto analia, binti mwenyewe macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi, na zile nyusi zikapanda.

Goti la Fundi likaanza kucheza. Na binti alipoteremka taratibu kukaa sakafuni, mtu mzima, mzazi, anajikunja sakafuni na kochi liko tupu pale, Fundi akasahau kijana, akasahau harusi na wiki nzima ya mafunzo. Akapiga sponji ya kochi.

"Kaa, binti! Kaa juu! Kochi ni la kukalia, asikubabaishe huyo!" Na kwa kuwa alihitaji mtu wa kumuunga mkono, akamgeukia aliyekuwa kushoto kwake. "Hivi mama, unamwona huyu mwanamke?"

"Namwona, Fundi."

"Hana haya!"

"Hata chembe."

"Ningekutana naye mimi!"

"Ungemfanyaje?"

"Ninge..." Fundi akashusha mkono. Akatazama televisheni. Akatazama kushoto. Akatazama tena televisheni. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Kijana wake alikuwa amefumba macho kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki.

Mama wa binti akainama. Mabega yake yalitikisika, machozi yakaanza kumtiririka, akajifuta kwa leso, na ilichukua muda watu kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka mpaka akaegemea bega la Fundi, ambaye alikaa wima kama msumari.

"Sasa niambie," akasema alipopata pumzi. "Safari hii ngapi?"

Mkewe akamfinya kwa vidole viwili, kwa nguvu, maana yake ilikuwa kumi. Fundi akafikiri. Akamtazama yule wa kwenye televisheni, anapangusa kivuli kwa leso.

"Moja, mama. Nisamehe. Nimejaribu, imeshindikana."

"Vizuri," mama akasema. "Ungesema kumi ningekutoa nje." Akawageukia vijana. "Nyie mnangoja nini? Tafuteni tarehe. Baba mkwe wako, binti yangu, hajui kudanganya hata akilipiwa harusi."

Kijana akaruka kutoka kwenye kiti, akakosa mahali pa kwenda, akarudi kukaa. Binti akakimbilia jikoni kuweka chai, na kule jikoni akasikika akicheka peke yake.

Filamu ilikuwa bado inaendelea. Fundi akapumua, akajiegemeza, na hapo jicho lake likaangukia ule uzi mweupe, upande wa pili wa mama. Akautazama kwa maumivu ya kikazi. Akachomoa sindano iliyopinda, ile aliyokuwa akiichomeka daima kwenye ukosi wa shati, akaomba mkasi, akabadilishana nafasi na mama, na akaanza kufumua mishono ile mmoja mmoja, mama wa kochi akimshikia kitambaa, huku Fundi mwenyewe hajaondoa macho kwenye televisheni.

"Kaa, mwanangu," alikuwa akimwambia binti wa kwenye filamu, kwa sauti ya chini. "Kaa tu. Nakurekebishia."